Tuliobaki na Akili

Mpendwa Wifi,

Salamu nyingi zikufikie, na zikukute mzima wewe na wote wa hapo kwako. Magoti yako yanaendeleaje tangu baridi ianze? Natumaini ile dawa ya kuchua uliyopewa na mfamasia imekusaidia, na kwamba sasa unapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Sisi huku tu wazima wa mwili. Binti yetu anasoma vizuri na amerefuka ghafla, sketi ya shule imegeuka kama ameazima kwa mtoto mdogo. Mimi bado niko kwenye kiwanda cha kufulia, bado nanuka dawa ya madoa, bado ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyesahauliwa kwenye beseni.

Ujumbe wako wa mstari mmoja niliupata. Uliandika kwamba nilimchukua mdogo wako akiwa mzima, basi nimrudishe akiwa mzima. Niliusoma nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kukamua, nikacheka kwa sauti, mwenzangu akadhani nimetumiwa kichekesho. Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, Wifi, na mimi nikikatizwa huanza kuomba radhi hata kwa mambo ambayo sikuyatenda. Barua haikatizwi. Kwa hiyo naomba ukae, uvae miwani, usome mpaka mwisho hata kama utachukia njiani. Utachukia.

Nianze na kazi yake ya ufundi wa lifti. Wewe uliwaambia watu kwamba aliacha kwa sababu aligombana na bosi. Hakugombana na mtu, alifukuzwa. Alikuwa hajalala kwa muda ambao mimi na wewe tungekuwa tumeshaanguka, na bado alikuwa anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Akaenda kwenye jengo moja la ofisi alilokuwa akilihudumia, akasimamisha lifti katikati ya ghorofa ikiwa na watu ndani, akawahutubia kupitia kispika cha dharura. Aliwafundisha jinsi ya kuishi bila usingizi. Mama mmoja mjamzito alikuwa analia. Mwanasheria mmoja, nasikia, aliuliza swali na akajibiwa vizuri. Walipofunguliwa mlango, mdogo wako alisimama nje akawapa mkono mmoja mmoja, kama bwana harusi anayeaga wageni.

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilikuta amelifungua friji zima na kutandaza vyuma vyake sebuleni. Alisema mpangilio uko wazi kabisa, ni mimi tu nisiyetaka kuuona. Baada ya hapo alishuka. Alilala akitazama ukuta, hakuoga, hakujibu, binti akimletea chai inapoa mpaka inafanya utando. Daktari wa akili alituchorea mstari unaopanda na kushuka, akasema ugonjwa ni huo, hisia hupanda mpaka mtu anajiona hawezi kufa, kisha hushuka mpaka hawezi hata kunawa uso. Mdogo wako aliutazama ule mchoro akasema hiyo ni lifti isiyo na breki, na angepewa bisibisi angeitengeneza mwenyewe. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, maana mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Ndipo ukaja wewe kututembelea. Sijasahau, na nadhani hata wewe hujasahau. Ulizitazama pakiti za vidonge juu ya kabati ukazifunika kwa kitambaa. Ukasema kwenye ukoo wenu hakuna mwendawazimu na hajawahi kuwepo. Majirani uliwaambia ni vidonda vya tumbo. Mimi ulinivuta jikoni ukaniambia mwanamume akipendwa hageukii ukuta, na kwamba nikithubutu kumtaja yeyote habari ya hospitali ya vichaa, nitakuwa nimemzika mdogo wako akiwa hai. Niliitikia, ndiyo Wifi. Nikakukaangia mayai.

Kwa hiyo nikanyamaza. Wifi, wewe ulipofiwa na mumeo nyumba ilijaa watu, viti viliazimwa mpaka mtaa wa pili. Mume wangu alipopotea akiwa amekaa kwenye kochi, hakuja mtu. Niliulizwa tu kama vidonda vimepona.

Aliyenigundua ni mwenzangu wa kazini, yule mama mnene wa meza ya pasi tunayemwita Mkunjo, kwa sababu haachi hata mmoja. Sisi ndio tunaofua mashuka ya hospitali, kila wodi na alama yake ya rangi. Siku moja aliniona nimesimama na shuka lenye alama ya wodi ya wagonjwa wa akili, nimelishika tu, sikuliingiza kwenye mashine. Wakati wa chakula aliniomba simu, akabonyeza bonyeza, akanirudishia nikiwa ndani ya kundi la watu nisiowajua. Alisema dada yake amekuwa humo tangu mumewe aanze kusikia sauti, na kwamba humo hakuna anayeshangaa chochote.

Kundi lenyewe linaitwa Tuliobaki na Akili. Ni la wenzi wa wagonjwa tu, waume na wake. Anayelisimamia ni nesi mstaafu, mkali kama ndimu. Masharti yake ni kwamba hakuna jina la kweli, hakuna picha, hakuna kupangiana dozi, na hakuna kumwambia mtu avumilie. Ukiandika neno vumilia anakutoa nje bila kukuaga. Mimi nikajiita Sabuni.

Sijui nikueleze vipi ladha ya mahali pale. Kulikuwa na mwalimu ambaye mkewe aliwapigia simu polisi kila mumewe alipochelewa kurudi, akikiri kwamba amemuua. Kulikuwa na mke wa kinyozi ambaye mumewe alijinyoa nyusi na kisha akamnyoa paka. Tulicheka, Wifi. Tuliwacheka wagonjwa wetu bila huruma, kwa maneno ambayo mtu wa nje angetutemea mate. Kisha yule yule aliyecheka zaidi angeandika kwamba yuko chooni kazini na hawezi kutoka, na watu wangeacha walichokuwa wakifanya wakakaa naye mpaka atoke.

Na kulikuwa na mmoja aliyejiita Bwana Polepole. Alisema mkewe anaumwa ugonjwa ule ule wa kupanda na kushuka. Hakuwa na maneno mengi, lakini akiandika, hata nesi alimsikiliza. Nilipolalamika kwamba mume wangu amegeukia ukuta, kila mtu alinipa pole. Bwana Polepole peke yake ndiye aliyeniambia la kufanya. Aliandika: "Usimwambie ainuke. Ameshajiambia mara nyingi kuliko wewe. Pitia mlangoni umwambie uko jikoni, halafu uwe jikoni kweli." Nilifanya hivyo. Mdogo wako alikuja mwenyewe akasimama mlangoni pa jikoni, akaniuliza kama chumvi ipo. Nililia kwenye sufuria.

Nilipoandika kwamba namficha funguo za gari, Bwana Polepole alisema nisimfiche, nimwombe anikabidhi mimi nimtunzie. Niliomba. Mdogo wako aliniwekea funguo kiganjani akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Mambo yakaanza kulainika. Alikunywa dawa, alipata vibarua vya kurekebisha mashine za kushona, alimsaidia binti hesabu. Na mimi, badala ya kumshukuru yeye, nilikuwa namshukuru mwanamume wa kwenye simu. Nilianza kumngoja. Nilikuwa nakunja mashuka huku natunga nitakachomwambia. Siku moja nilimwandikia pembeni, nje ya macho ya kundi, kwamba mkewe ana bahati, na kwamba laiti mume wangu angekuwa na nusu ya akili yake. Alichelewa kujibu. Kisha akaandika neno moja, asante.

Halafu mdogo wako akaanza kupanda tena. Nilimwona machoni kabla ya kumwona miguuni. Nilihesabu vidonge, vilipungua vizuri kila siku, sikuelewa. Nilikuja kuvikuta baadaye ndani ya soksi zake za kazi, vimeyeyuka vimegandana kama pipi. Nikiwa bado sijavikuta, alimchukua binti shuleni mchana, akawadanganya walimu kwamba ana miadi ya daktari wa meno. Akampeleka kwenye lile jengo alilofukuzwa. Alikuwa bado anajua mlango wa nyuma. Akampandisha juu ya paa la lifti, Wifi, siyo ndani, juu yake, penye nyaya na giza, akapanda naye mpaka ghorofa ya mwisho na kushuka naye.

Binti alirudi amefurahi. Soksi zake nyeupe zilikuwa na grisi mpaka magotini. Alinieleza jinsi upepo unavyopiga kutoka chini na jinsi baba alivyomwambia afungue mikono. Nilizivua zile soksi nikazifua. Unajua mimi ni mtu wa madoa, hakuna nisichokitoa. Zile sikuweza. Baba yake alikuwa sebuleni anaimba.

Nikachukua simu nikaandika kwenye kundi nilichokuwa nacho moyoni. Nakunukulia kama nilivyoandika: "Leo nimeomba afe. Sijaomba apumzike, nimeomba afe, kazini kwa watu, kwa ajali safi, ili nipewe pole na nilale." Wa kwanza kujibu alikuwa Bwana Polepole. Aliandika: "Si dhambi kuchoka. Mtoe nyumbani leo. Usimpe sababu, atakushinda kwa maneno. Pigia hospitali simu waje na gari, mpeleke mtoto kwa jirani. Fanya sasa akiwa juu, akishuka utamwonea huruma."

Nilifanya neno kwa neno. Nilimpeleka binti kwa jirani, nikasimama kwenye ngazi nikapigia hospitali simu, nikarudi kungoja huku najiandaa kwa vurugu. Gari lilipofika niliingia chumbani na wahudumu wawili nyuma yangu. Mdogo wako alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa amevaa viatu, amefunga kamba, na koti limelazwa mapajani. Miguu ilikuwa inacheza cheza, hawezi kuituliza, lakini aliinuka mwenyewe. Aliniuliza tu kama binti yupo. Nikasema hayupo. Akasema vizuri. Hiyo ndiyo siku unayoambiwa na watu kwamba nilimburuta mdogo wako mpaka nje kama gunia.

Kwenye wodi ile hawaruhusu simu. Walinipa vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, mkanda, saa, simu, nikarudi navyo nikaviweka juu ya meza. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia bomba la jirani. Nikakaa, nikafikiri kuna mtu mmoja tu ninayetaka kumwambia. Nikamwandikia Bwana Polepole pembeni: "Nimemtoa. Bila wewe nisingeweza. Mungu akubariki na mkeo."

Simu iliyokuwa ndani ya mfuko ikawaka.

Nilidhani ni sadfa tu. Nikaandika tena, herufi moja tu. Ikawaka tena, ikatingisha mkanda na saa. Nilikaa pale mpaka binti aliporudi kutoka kwa jirani akaniuliza kwa nini nimeshika plastiki. Yeye ndiye anayeijua namba ya siri ya baba yake, ni siku yake ya kuzaliwa.

Nikasoma yote. Alikuwa amekaa kwenye lile kundi kabla yangu. Kila alichokifanya yeye alikiandika kama cha mkewe, friji, ukuta, lifti aliibadilisha ikawa basi. Nilimtafuta nesi mstaafu nikamuuliza kwa ukali anawezaje kumweka mgonjwa kati yetu. Hakujitetea. Alisema bwana huyo alimfuata faragha mwanzoni kabisa, akajieleza kwamba yeye ndiye mgonjwa, na anataka kujua anamfanyia mkewe nini, kwa sababu mkewe hamwambii, humwambia tu kwamba hakuna shida. Nesi hakujua mkewe ni mimi. Mdogo wako alijua. Nina hakika alinijua tangu mstari wangu wa kwanza, kwa sababu jibu lake la kwanza kwangu lilianza, likafutwa, likaanza tena.

Kwa hiyo alisoma kila kitu, Wifi. Tulivyomcheka. Nusu ya akili. Na lile ombi langu. Alilisoma sebuleni, hatua chache kutoka nilipolia, akiwa amepanda mpaka damu inachemka, na bado akapata mahali ndani yake pa kukaa na kunielekeza jinsi ya kumtoa. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Sasa nifike kwako. Humo humo nilikuta na habari zako. Aliwahi kumweleza mwalimu pembeni kwamba mkewe ana dada mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufa, na dada huyo humpigia simu kila Jumapili, akimwambia dawa za vichaa ndizo zinazomtia mtu kichaa, azitupe, na asimwambie mwenzake kwa sababu mwenzake anataka abaki mjinga ili amtawale. Mwalimu akauliza, je, mkeo alizitupa? Akajibu: "Anampenda dada yake kuliko anavyoniogopa mimi. Anazitema." Uliniambia nimrudishe mzima. Nimekujibu. Usinipigie simu kusema hukujua, maana sitapokea.

Mimi pia nina langu, na nalisema kwako kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumuumiza nalo. Mdogo wako alipopata nafuu wakamruhusu awe na simu yake. Niliipeleka mwenyewe nikiwa nimezifuta jumbe zile mbili za mwisho ili asijue kwamba nimemjua. Bwana Polepole akarudi kwenye kundi, akaomba radhi kwa kupotea, akasema mkewe alilazwa. Akaniuliza pembeni, hali ikoje? Nilijua namjibu nani. Nikaandika: "Nyumba ina amani. Binti analala. Mimi pia." Akasema amefurahi kwa ajili yangu. Ningeweza kukomea hapo, Wifi, lakini nilikuwa na hasira, alikuwa ameniibia chumba kimoja pekee nilichokuwa nacho. Nikaendelea. Kila siku nimemwandikia ukweli, yeye akidhani simjui, nami nikijua anausoma wodini. Wiki iliyopita aliniuliza, akipona, utampokea? Nikaandika: "Hapana. Nikimtazama mezani nitakumbuka kwamba namwogopa." Akajibu: "Nimeelewa, Sabuni."

Kesho yake alimwambia daktari kwamba akitoka anataka kwenda kwa dada yake. Mimi niliitwa kuulizwa, nikakubali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemfukuza.

Atafika kwako Jumamosi na gari la mchana. Mpokee wewe mwenyewe. Vidonge vyake vimo kwenye mfuko wa pembeni, daktari ameandika juu yake saa za kumpa. Utampa kwa mkono wako, utamngoja ameze, utamwomba afungue kinywa, utaangalia chini ya ulimi, asubuhi na jioni, siku za Jumapili pia. Majirani zako utawaambia unavyotaka. Ukichoka hadi uombe jambo usiloweza kulitamka, Mkunjo atakupa njia ya kuingia kwenye makundi mengine. Letu usiingie.

Na simu yake mwachie. Najua utataka kumnyang'anya, utasema ndiyo inayomharibu kichwa. Jioni ukimkuta anacheka peke yake akiitazama, usimwite kichaa. Atakuwa ananijibu mimi.

Binti anakusalimu sana, anauliza kama baba atapewa chumba chenye dirisha. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Jitunze, na uwe makini na ngazi.

Ni mimi wifi yako,
mke wa mdogo wako.